Hewa Iliyofungwa na Akili ya Mtafutaji

Katika kazi nyingi za ufundi, kasoro ni kitu kimoja na mtu aitafutaye ni kitu kingine. Mvuvi ambaye ngalawa yake yavuja huona maji yakiingia, lakini maji hayo hayamzuii kufikiri. Hutafuta ufa, akaukalafati, akaendelea na safari yake. Mhunzi ambaye mivukuto yake imepasuka hukaa chini na kuishona kwa utulivu. Saa ikisimama, fundi saa hasimami nayo. Lakini iko kazi moja ambayo kanuni hii haishiki. Eropleni irukayo juu sana hufungiwa hewa ndani yake ili watu wapate kupumua, na hewa hiyo ikipungua, kitu cha kwanza kuharibika si chombo bali ni akili ya rubani. Macho yake yaona, mikono yake yashika, ulimi wake wajibu, na yeye mwenyewe hujiona mzima kabisa. Kasoro imeingia ndani ya kichwa ambacho ndicho kilichotazamiwa kuitafuta.

Kwa sababu hiyo historia ya kutafuta kasoro za hewa katika eropleni si historia ya vali na mipira tu. Ni historia ya mfuatano wa kazi: lipi litangulie na lipi lifuate. Watu walijua jibu mapema sana, wakalisahau, wakalijua tena, na kila mara waliolipa bei ya usahaulifu huo hawakuwa hai kuusimulia.

Hewa ina uzito, na uzito huo hutukandamiza pande zote. Hilo ndilo liitwalo shinikizo la hewa. Kadiri tupandavyo juu, shinikizo hupungua, na pamoja nalo hupungua oksijeni ambayo kila pumzi huleta mwilini. Kilele cha Kilimanjaro kina kimo cha mita 5,895, na huko mtu hupata nusu tu ya oksijeni aipatayo mtu wa Tanga au Lamu. Wachukuzi na viongozi wa mlima ule huwaambia wageni wao "pole pole" tangu lango la chini, nao wana haki, maana mwili ukipewa siku kadhaa hujizoeza. Msafiri wa eropleni hapewi siku. Tabopropu, yaani eropleni ambayo rafadha yake huzungushwa na injini ya gesi ya moto, aghalabu huruka kati ya futi 20,000 na 30,000, nayo hufika huko kwa muda usiozidi nusu saa. Chumba cha abiria huwekwa katika hali ya kimo kipatacho futi 8,000 au chini yake. Ikiwa hewa hiyo itatoroka katika futi 25,000, mtu asiye na oksijeni hubakiwa na dakika 3 hadi 5 za kuweza kufanya jambo la maana. Katika futi 30,000 ni dakika 1 au 2. Baada ya hapo huenda akawa macho bado, lakini hana tena faida kwake wala kwa wenzake.

Jambo hili lilijulikana kabla eropleni haijabuniwa. Tarehe 5 Septemba 1862 Waingereza wawili, James Glaisher na Henry Coxwell, walipaa kwa puto kutoka Wolverhampton. Glaisher alikuwa mtu wa vipimo: kipimajoto, kipimahewa, daftari na kalamu. Walipofika karibu futi 29,000 mkono wake ulikataa kumtii, kichwa kikaanguka begani, akamwona mwenzake lakini hakuweza kusema naye, kisha akazimia. Kamba ya vali ya puto ilikuwa imejipinda na kunasa, na Coxwell alikuwa amepanda juu kuifungua hata mikono yake ikafa ganzi kwa baridi. Akaivuta kamba ile kwa meno. Gesi ikatoka, puto likashuka, na wote wawili wakapona. Yasemekana Glaisher alipozinduka jambo lake la kwanza lilikuwa kuchukua kalamu na kuendelea kuandika vipimo, tabia ambayo yaweza kumchekesha msomaji, lakini wataalamu ndivyo walivyo.

Wafaransa walikuwa na zana bora zaidi, na msiba wao ukawa mkubwa zaidi. Paul Bert, mtaalamu wa elimu ya viungo, alikuwa amejenga huko Paris vyumba vya chuma ambamo hewa iliweza kupunguzwa, naye aliingia mwenyewe na kuwaingiza wengine ili kujua mwili wafanyaje. Aligundua kwamba kinachomwangusha mtu juu si wepesi wa hewa wenyewe ila ni upungufu wa oksijeni, na kwamba oksijeni ikivutwa kwa wakati wake mtu hupona. Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel walijaribiwa katika vyumba hivyo, na mwaka 1874 walipaa na oksijeni wakarudi salama. Tarehe 15 Aprili 1875 walipaa tena, wakiwa na Gaston Tissandier, katika puto lililoitwa Zénith. Walichukua mifuko ya oksijeni. Bert alikuwa ameandika barua kuwaonya kwamba akiba ile haitoshi. Kwa kuwa ilikuwa ndogo, wao waliazimu kutoitumia mpaka watakapoihitaji.

Hapo ndipo penye fundo la habari nzima. Mpaka watakapoihitaji! Tissandier, ambaye peke yake alirudi hai, alieleza baadaye kwamba huko juu hapana maumivu wala hofu. Mtu huingiwa na aina ya furaha, huona mwanga mwingi, na hujali machache. Alitaka kuushika mrija wa oksijeni, mkono haukuinuka. Alitaka kuwatangazia wenzake kwamba wamefika mita 8,000, ulimi ukawa mzito. Haja ilipofika, uwezo wa kuijua haja ulikuwa umekwisha kuondoka. Kisha kikafuata kisa ambacho chastahili kukumbukwa na kila rubani. Puto lilianza kushuka lenyewe, na katika kushuka Crocé-Spinelli akazinduka. Mtu mwenye akili timamu angaliacha puto lishuke. Yeye, akiwa nusu ya mtu, aliona kushuka ndiko kasoro, akaanza kuirekebisha: akatupa nje shehena ya mchanga na chombo kizito cha kuvutia hewa. Puto likapaa tena. Yeye na Sivel walikufa humo, na Tissandier alitua katika sehemu za Indre akiwa na maiti za rafiki zake wawili na masikio yaliyopoteza kusikia.

Eropleni zilipokuja, marubani walikwenda na mitungi ya oksijeni kwa muda mrefu kabla wazo la kufunga hewa ndani halijatendeka. Jaribio la mwanzo la Wamarekani, lililofanywa na Harold Harris mwaka 1921 huko Ohio, lilikuwa karibu na mchezo wa kuigiza. Alifungiwa ndani ya pipa la chuma lililotiwa katika eropleni, na pampu ikamsukumia hewa. Ikamsukumia kupita kiasi. Tundu la kutolea hewa lilikuwa dogo mno, joto likapanda kama tanuri, na kipimo cha ndani kikaonyesha kwamba rubani yuko chini ya usawa wa bahari ilhali eropleni iko angani! Mlango ulifunguka kwa ndani, na hewa ile ile iliyomtesa iliusukuma ukazidi kujifunga. Ilimbidi atue ili apate kutoka. Hata hivyo siku ile ilifundisha nusu ya elimu yote ya kazi hii: si kutia hewa tu, ni kupima itokayo.

Junkers wa Ujerumani walijaribu katika eropleni ya Ju 49 mwaka 1931. Lockheed XC-35 iliruka mwaka 1937, Boeing 307 ikaruka mwishoni mwa 1938 na kuchukua abiria mwaka 1940. Vita ilipokwisha, Waingereza walileta tabopropu ya kwanza ya abiria, Vickers Viscount, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1948. Tarehe 29 Julai 1950 ilichukua abiria wa kulipa kutoka London kwenda Paris, na mwaka 1953 ikaingia katika safari za kila siku. Madirisha yake yalikuwa makubwa yenye umbo la yai, na watu wakastaajabu kukaa juu ya mawingu bila kelele nyingi. Wadachi walifuata na Fokker F27, ambayo katika miaka ya 1960 ilitumiwa pia na Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, lililovunjika mwaka 1977. Katika F27 hewa ya abiria ilisukumwa na pampu maalumu zilizozungushwa na injini. Katika tabopropu nyingi za baadaye hewa huchotwa moja kwa moja katika injini, pale ambapo imekwisha kushindiliwa lakini haijachanganywa na mafuta. Hupozwa, kisha huletwa chumbani.

Namna yenyewe ya kufanya kazi si ngumu kuelewa. Mfano wake ni mtungi wenye tundu, uliowekwa chini ya bomba la maji. Maji yaingia daima, na yatoka daima, na yule ashikaye kidole chake penye tundu ndiye aamuaye maji yafike kimo gani. Hewa huingia kwa kiasi kile kile, na vali ya kutolea, ambayo aghalabu huwa nyuma katika ukuta wa mwisho wa chumba, hufunguka na kujifunga kidogo kidogo. Kando yake huwapo vali ya usalama, ili vali ya kwanza ikikwama chumba kisipasuke. Na katika mguu wa eropleni huwapo swichi ijuayo kama magurudumu yamegusa ardhi. Yakigusa, hewa yote huachiliwa, maana mlango haufai kufunguliwa wakati ndani pana shinikizo. Msomaji asidhani jambo hili ni dogo. Shinikizo la ratli 6 katika kila inchi mraba, likiusukuma mlango wa inchi 50 kwa 25, hufanya nguvu ya ratli 7,500, yaani zaidi ya tani tatu.

Rubani anapoleta malalamiko kwamba chumba hakishiki hewa, fundi mzuri hujiuliza swali moja kabla ya kugusa kitu chochote: je, maji yaingia kidogo, ama tundu limekuwa kubwa? Hewa ikiingia kidogo, atatafuta katika injini, katika vali za kuchotea, katika mabomba yaliyo chini ya sakafu ambako kibano kimoja kilicholegea chaweza kumwaga nusu ya hewa mahali pasipotakiwa. Ikiwa tundu ni kubwa, atatafuta katika mpira wa mlango, kandokando ya madirisha, katika matundu ambamo nyaya na kamba za usukani hupenya ukuta, na katika vitundu vya kutolea maji tumboni mwa eropleni, ambavyo vyapaswa kujifunga vyenyewe shinikizo likipanda na mara nyingi havijifungi kwa sababu ya uchafu.

Njia ya kuthibitisha ni ya kikale nayo yafaa hata leo. Eropleni ikiwa chini, hewa hutiwa mpaka kipimo kilichoandikwa kitabuni, kisha pampu hufungwa, na fundi hutazama saa. Shinikizo likishuka upesi kuliko ilivyoruhusiwa, pana mvujo. Hapo watu huizunguka eropleni na povu la sabuni na brashi, wakipaka penye viungo na kungoja mapovu, au husimama kimya na kusikiliza, maana mvujo wa hewa hupiga mluzi na sikio la fundi mzee hulijua. Zamani, abiria walipokuwa wakivuta sigara ndani, tumbaku iliwasaidia mafundi bila kujua: penye ufa palibaki mchirizi wa rangi ya kahawia kwenye bati la nje, kana kwamba eropleni imeandika yenyewe mahali pa ugonjwa wake. Utomvu ule ule uliganda katika vali ya kutolea hewa ukaikwamisha, kwa hiyo siwezi kusema tumbaku ilikuwa rafiki.

Ipo tabia moja ya karakana ambayo sioni haya kuilaumu. Kifaa kiongozacho vali ni chepesi kukitoa na kukirudisha, basi wapo wanaoanza nacho kila mara. Hukitoa, hutia kingine, na eropleni huruka. Kesho yake malalamiko yarudi yale yale. Kile kilichotolewa hupelekwa kupimwa, kikarudi na maandishi kwamba hakina kasoro. Yote hayo kwa sababu kufungua sakafu na kukagua mabomba ni kazi ya jasho. Lakini hata uvivu huu, pamoja na gharama zake, una uzuri wake mmoja: hutendeka ardhini, ambako fundi avuta hewa safi na kosa lake la leo laweza kusahihishwa kesho.

Ardhi ina wakati. Hilo lilionekana wazi mwaka 1954. Tarehe 2 Mei 1952 eropleni ya Comet, ambayo si tabopropu bali ni jeti, iliondoka London kwenda Johannesburg ikitua Entebbe njiani, na watu wa Afrika ya Mashariki wakaona kwa macho yao safari ya kwanza ya abiria wa jeti duniani. Eropleni ile ile ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, wakafa watu 35. Na nyingine ikavunjika karibu na Naples tarehe 8 Aprili, wakafa 21. Huko Farnborough wataalamu walichukua Comet nyingine wakaitia katika tangi kubwa na kuijaza maji, ndani na nje, wakapandisha na kushusha shinikizo mara maelfu. Walitumia maji kwa sababu hewa iliyoshindiliwa ikipata mwanya hulipuka kama bomu, ilhali maji huacha ufa pale pale ulipoanza. Hesabu ya safari zake za kweli pamoja na hizo za tangini ilipofika 3,057, ubavu ulipasuka kutoka kwenye pembe ya tundu, na chuma kilichochoka kikatoa ushahidi wake. Kazi ile ilichukua miezi, na ilistahili kuchukua miezi.

Tugeukie sasa juu, ambako wakati haupo.

Tarehe 4 Septemba 2000 tabopropu ndogo ya Beechcraft King Air 200 iliondoka Perth, Australia, kwenda Leonora, ikiwa na rubani mmoja na abiria saba waliokuwa wakienda kazini migodini. Ilipewa ruhusa ya kupanda futi 25,000. Ikapita kimo hicho ikaendelea kupanda. Mwongozaji wa ndege alipouliza, rubani alijibu kwa kusitasita kwamba angoje. Kisha hakusema tena neno lolote la maana. Rubani wa mashine akashika njia moja, na eropleni ikavuka bara la Australia usiku kwa muda wa saa tano, mpaka ikaanguka karibu na Burketown katika Queensland. Wachunguzi walihukumu kwamba yaelekea watu wote walizimia kwa kukosa oksijeni, lakini kwa nini chumba hakikuwa na hewa hawakuweza kuthibitisha, mabaki hayakutosha. Walichoweza kusema ni kwamba onyo la eropleni ile lilikuwa taa tu, lisilokuwa na sauti. Taa humtaka mtu aitazame na kuifahamu. Wakapendekeza onyo la kusikika.

Sauti nayo haikutosha, kama ilivyoonekana miaka mitano baadaye, katika ajali ambayo naileta hapa ingawa eropleni yake ilikuwa jeti, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa utafutaji wa kasoro wenyewe. Tarehe 14 Agosti 2005, huko Larnaca katika Cyprus, fundi aliipima Boeing 737 ya shirika la Helios alfajiri, maana waliokuja nayo usiku walilalamika juu ya kelele na barafu penye mlango wa nyuma. Akaifunga, akaitia shinikizo, asione mvujo. Ili kufanya hivyo ilimbidi ageuze swichi ya kuongoza hewa kutoka katika kujiendesha hadi katika kuendeshwa kwa mkono, na ikabaki hivyo. Marubani walikuwa na nafasi tatu za kuiona katika ukaguzi wao, zote zikapita. Walipokuwa wakipanda honi ikalia. Honi hiyo ilikuwa na maana mbili: ardhini, kwamba eropleni haiko tayari kuruka, angani, kwamba hewa imepungua. Marubani wakachukua maana ya kwanza, wakaendelea kupanda.

Kisha wakafanya kile ambacho kila mtu mwenye bidii angalitaka kukifanya: wakaanza kutafuta kasoro. Nahodha akaita kampuni kwa redio kuuliza juu ya vipoza-hewa vya mitambo, maana taa zake ziliwaka. Fundi aliyekuwa ardhini akamuuliza, je, swichi ya hewa iko katika kujiendesha? Hilo lilikuwa swali lenyewe hasa, swali la wokovu, na lilifika kwa wakati. Nahodha akajibu kwa kuuliza fyuzi za vipoza-hewa ziko wapi. Sidhani kwamba alikuwa mzembe. Masikio yake yalisikia swali, lakini mahali ambapo maswali hupimwa palikuwa pamekwisha kuingia giza. Eropleni ilijiongoza yenyewe hadi futi 34,000 na baadaye ikazunguka juu ya Athens mpaka mafuta yakaisha. Walikufa watu 121.

Bado mtu angaliweza kusema kwamba wale hawakujua kama tatizo lao ni hewa. Kisa cha mwaka 2014 hakiachi kisingizio hicho. Tarehe 5 Septemba mwaka huo tabopropu ya injini moja, TBM 900 iliyotengenezwa Ufaransa, iliondoka Rochester katika New York kwenda Naples, Florida, ikiwa na watu wawili. Ilikuwa mpya kabisa, na rubani wake alikuwa mzoefu. Katika futi 28,000 aliwaita waongozaji, akasema kwa sauti ya utulivu kwamba pana kipimo kisichoonyesha sawasawa, na kwamba angependa kushuka hadi kiasi cha futi 18,000. Hakutangaza hatari. Akapewa futi 25,000 kwa sababu ya ndege nyingine. Akashuka, akasema yahitaji ashuke zaidi. Muda kidogo akaruhusiwa futi 20,000. Akaitikia, lakini eropleni haikushuka. Majibu yake yakawa mafupi, kisha yakakoma. Ndege za kivita zilizopelekwa kuitazama zilimwona ameinama na vioo vikiganda barafu. Eropleni ikapita juu ya Cuba na kuanguka baharini karibu na Jamaica, zaidi ya saa tano tangu ilipoondoka.

Kuanzia wito wa kwanza hadi kimya, rubani yule alikuwa na dakika kadhaa. Barakoa ya oksijeni ilikuwa karibu naye, ya kuvaliwa kwa mkono mmoja katika sekunde chache. Kwa nini hakuivaa? Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilipomaliza uchunguzi wake ilitaja mambo mawili. La kwanza, mtambo wa hewa ulikuwa umeundwa kwa namna iliyoelekea kujifunga wenyewe pasipo sababu ya kutosha. La pili ndilo lililonifanya niandike insha hii: orodha ya hatua za hatari ilikuwa imetanguliza kutafuta kasoro mbele ya kumkinga rubani asipoteze fahamu. Yaani kitabu chenyewe, kilichoandikwa na watu wazima waliokaa mezani wakivuta hewa tele, kilimwelekeza mtu aliye futi 28,000 aanze kwa kuangalia swichi na vipimo, na barakoa ije baadaye akihakikisha kwamba yahitajika. Ni azimio lile lile la mifuko ya Zénith, miaka 139 baadaye.

Baadhi ya marubani husema kwamba lawama hii kwa kitabu ni kali mno, na kwamba rubani aliyefundishwa vizuri huvaa barakoa bila kuambiwa. Yamkini. Lakini rubani hufundishwa pia kukiheshimu kitabu, na kukifuata mstari kwa mstari ndiko kuitwako nidhamu. Kasoro ya hewa haianzi kwa kishindo sikuzote. Chumba chaweza kupanda taratibu, masikio yakaziba kidogo, taa moja ikawaka kati ya taa nyingi. Mtu hudhani ana jambo dogo la kushughulikia, na kadiri akili yake inavyopungua ndivyo jambo linavyozidi kumwonekea kuwa dogo. Kwa ajili hiyo katika majeshi na katika baadhi ya vyuo vya urubani wanafunzi huingizwa katika chumba kama kile cha Bert, hewa hupunguzwa, nao hupewa hesabu nyepesi za kutoa na kujumlisha. Wakitoka huonyeshwa karatasi zao. Mwandiko huanza vizuri, hulegea, hupotea nje ya mistari. Na wengi wao huapa kwamba muda wote ule walijiona wako sawa.

Mtengenezaji wa TBM aliandika upya hatua zake baada ya ajali, barakoa ikawekwa mwanzoni. Utaratibu wa siku hizi katika eropleni nyingi ni huo: oksijeni kwanza, kisha kushuka hadi futi 10,000 au kimo cha usalama ikiwa milima imezuia, na swichi, fyuzi na vali ziangaliwe huko chini kama bado pana haja. Katika baadhi ya tabopropu mpya kimezidishwa kitu kingine. Hewa ikitoroka na rubani asijibu maonyo, mtambo hausubiri tena amri yake. Hugeuza eropleni kando ya njia yake, huinamisha pua, na kushuka wenyewe mpaka mahali ambapo mtu aweza kuzinduka.